Kadhi wa Kitabuni Kwenye Njia ya Maji

Newala, nyumbani kwa Bi Zena,
14 Rajabu 1327
(Wadachi wanauita huu mwanzo wa Agosti, 1909)

Kwa Mahmudu bin Majaliwa,
Mtaa wa washona kanzu,
Bagamoyo.

Mpendwa Mjomba wangu,

Shikamoo, Mjomba. Naiandika shikamoo hii nikiwa nimekaa chini kwenye jamvi, vile vile ningekaa kama ungekuwa mbele yangu. U hali gani? Kikohozi ulichokitaja katika barua ya mfungo uliopita kimekuacha? Na macho je, bado unapenyeza uzi kwenye sindano bila kumwita mtu? Mkaza mjomba hajambo? Tunamwombea kila siku mgongo wake upoe.

Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Dada yako Bi Zena, mama yetu, anatembea vizuri na ugomvi wake ni na kuku tu. Mwanangu Mahmudu, niliyempa jina lako, ameota meno manne na ameshamng'ata kila mtu wa nyumba hii. Mtama umejaa ghalani, na mihogo ipo. Huu ni mwaka wa pili hatujaingia porini kuchimba ming'oko, vile viazi vya mwitu, kwa njaa. Siku hizi tukiichimba ni kwa hamu tu, na watoto wanaila wakicheka, hawajui ilivyotufikisha hapa mwaka ule baada ya vita.

Shida yetu ni ile ile, maji. Tangu tuhame Nanganga kuja huku juu, hatujazoea. Tunashuka bondeni baada ya sala ya alfajiri, tunajaza mitungi kwenye chemchemi, na tunapofika nyumbani jua limeshapanda sana. Lakini sasa silalamiki kama zamani, na sababu ndiyo hii inayonifanya nikuandikie barua ndefu.

Unamkumbuka Bi Somoe? Yule jirani yetu wa Nanganga, mfinyanzi, mrefu, mwenye sauti kama ya mwanamume. Naye alihamia huku. Katika safari zetu za maji yeye ndiye anayetangulia, na akianza kushuka mteremko huanza pia kusimulia. Anasimulia habari za mwanamke mmoja aitwaye Bi Mfinyanzi, ambaye watu wakiibiwa au wakisingiziwa humwendea awafichulie ukweli. Hatumii bao wala dawa. Anatazama tu. Anauliza swali moja dogo, watu wanacheka, kisha hawacheki tena.

Mjomba, hadithi hizo zilinishika. Kuna siku nilikuwa na homa na mama akanikataza kwenda, nikaenda hivyo hivyo, kwa kuwa jana yake Bi Somoe alituacha pale ambapo Bi Mfinyanzi ameinama kwenye mtungi mbichi uliobonyea na kuona alama ya kidole gumba. Nani angeweza kukaa nyumbani?

Na si sisi wanawake peke yetu. Kabla ya mavuno ya mwaka huu, vijana wa Kimakonde waliifanya hadithi hiyo hiyo mchezo wa vinyago, mchana, uwanjani karibu na soko. Wao walimvisha mchunguzi tarbushi nyekundu na miwani ya mti, akawa anapekua mpaka masikio ya watazamaji. Tulicheka tukashika mbavu. Lakini mimi nilirudi nyumbani nikijiuliza: huyu wa Bi Somoe ni mwanamke, huyu wa vijana ni mwanamume, na kisa ni kimoja. Kimetoka wapi?

Kesho yake nilimuuliza njiani. "Bi Somoe, habari hizi umezipata kwa nani?"

Akasimama, akanitazama kama niliyemtukana. "Mama Mahmudu, unaniuliza mimi? Si za mjomba wako! Alikuwa akitusomea kule Nanganga, akimaliza kushona. Wewe ulikuwa mdogo, ulikuwa ukilala mapajani kwake. Kitabu kilikuwa na ngozi nyeusi."

Nilirudi mbio, mtungi ukinimwagikia mgongoni. Mama aliniambia sanduku lako ulilotuachia alilivusha wakati wa vita kwa kulifunika mihogo mikavu juu, na tangu hapo hajalifungua kwa kuwa yeye hasomi na alidhani mna vitabu vya sala tu. Tukalifungua pamoja. Kilikuwemo, Mjomba. Kimeandikwa kwa mkono, kwa herufi zetu za Kiarabu, wino umekuwa wa rangi ya kahawia. Habari za Kadhi Nasibu. Ukurasa wa kwanza nimeshauhifadhi: "Kadhi Nasibu alikuwa mtu wa swali dogo."

Nitasema kweli, siku za kwanza sikumpenda. Nilikuwa nimezoea Bi Mfinyanzi, anayechekesha, anayechoka, anayelalamika mteremko. Huyu kadhi wako ana kilemba kikubwa na watumishi sita, hasemi jambo mpaka mwisho, na anasema kwa maneno ya pwani ambayo mengine sikuyajua. Kile kisa cha kidole gumba, kwake hakina mtungi. Ni hina iliyogusa barua. Nikaona Bi Somoe amekitengeneza kizuri zaidi.

Lakini niliendelea kusoma, na kidogo kidogo nikaona kitu ambacho hakikuwepo njiani. Kadhi Nasibu hasemi "fulani ni mwizi" kabla hajashika kitu mkononi. Hata akichukizwa na mtu, hamtaji. Anageuza kile kitu, anakinusa, anauliza kilikuwa wapi jana. Bi Somoe kwa kuharakisha furaha yetu huliruka hilo. Nikaanza kumsomea yeye, mchana, akiwa anafinyanga. Alikuwa akisikiliza na kusema, "Hapo nilipasahau," au "Hapo mjomba wako hakupasoma vizuri, nilipatia mimi." Tulikuwa na furaha, sisi wawili, kama watoto waliopata asali.

Sasa nakuja kwenye jambo zito. Usishtuke, limekwisha vizuri.

Adija, mdogo wangu, mpwa wako wa pili, unajua ameolewa na Fikirini. Ni mtu mpole, mlimaji na mgema mpira wa porini. Mwezi wa Juni wa Wadachi, mtama ukiwa bado haujakatwa, Fikirini aliondoka na wenzake kupeleka mpira Lindi. Alikaa siku ishirini na mbili, kwa kuwa mmoja wao aliugua njiani.

Shamba lake limepakana na la mtu aitwaye Shamte. Mpakani pana kipande chenye miti ya mpira, na wamekivutania tangu walipohamia. Hatukulihesabu hilo kuwa ugomvi. Walikuwa wakisalimiana.

Siku moja baada ya Fikirini kurudi, askari walikuja asubuhi wakamfunga. Shamte alikuwa amekwenda kwa akida akasema kwamba mwaka wa vita alimwona Fikirini akifukia bunduki kwenye kile kipande, na kwamba amekaa kimya miaka minne kwa hofu. Walipochimba pale alipoonyesha wakakuta gobori limefungwa katika mkeka.

Unajua maana yake, Mjomba. Baada ya vita amri ilikuwa kila bunduki itolewe. Aliyeificha anahesabiwa kuwa alikunywa ile dawa ya maji na kwamba anangoja siku nyingine. Akida alisema kesi ataisikiliza baada ya siku tatu, na akimwona na hatia atampeleka Lindi kwa mnyororo. Katika waliopelekwa Lindi kwa habari za vita, mimi namjua mmoja tu aliyerudi.

Adija alikuja kwangu na mwanawe Zena mgongoni. Hakulia. Alikaa akawa anachambua kunde, akizichanganya nzima na mbovu katika ungo mmoja, bila kuona.

"Dada," akasema, "Fikirini mwaka wa vita hakuwa hata na kisu kizuri."

"Najua, mdogo wangu."

"Sasa nani atamwamini?"

Nilimtuliza, akalala kidogo, nami nikaenda kwa Bi Somoe. Yeye alikuwa ameshakasirika kwa niaba yetu sote. "Ni Shamte!" akasema. "Ni yeye aliyeiweka. Twende tukamwambie akida."

Nami, Mjomba, nilitaka kwenda. Miguu ilikuwa tayari. Lakini nikamkumbuka kadhi wako na nikaona kwamba tukienda hivyo tutakuwa wanawake wawili wanaopiga kelele kwa ajili ya shemeji yao. Nikamwambia, "Bi Somoe, hatujashika kitu mkononi. Kipo nini cha kushika?"

Akaosha udongo mikononi, polepole. Kisha akasema, "Bunduki wameichukua. Na mkeka."

"Mkeka ukoje?"

"Sijui. Mimi sikuuona."

"Basi huo ndio tuuone."

Siku ya kesi tulikwenda asubuhi, mimi, Bi Somoe na Adija. Watu walikuwa wengi barazani kwa akida. Akida wetu ni mtu wa pwani, mkali lakini husikiliza. Shamte alisimama akasema maneno yake bila kutetemeka. Fikirini aliulizwa akasema, "Bwana, bunduki hii siijui," akaambiwa kila mwizi husema hivyo. Swalehe, mmoja wa wale aliokwenda nao Lindi, akasimama akashuhudia kwamba ni mtu mwema. Akida akasema wema wake haukuchimbwa shambani, kilichochimbwa ni bunduki.

Hapo nikainuka. Wanaume wote waligeuka.

"Shikamoo, Bwana Akida. Mimi ni Mwanasha binti Halfani, shemeji wa mshitakiwa. Naomba niuone mkeka."

"Marahaba. Mkeka? Kesi ni ya bunduki, mama."

"Ndiyo, Bwana. Naomba mkeka tu."

Watu wakacheka, kama wanavyocheka katika hadithi, na hilo kwa namna fulani likanipa nguvu. Akida akaamuru niletewe. Nikaukunjua sakafuni. Ulikuwa mkeka wa ukindu, mzuri, una mistari myekundu. Ulikuwa na udongo, lakini ukindu ulikuwa mzima. Nikapitisha vidole ukingo wote, pande nne. Hakuna tundu. Katika mkunjo wa ndani palikuwa na jani la mtama, halijavunjikavunjika, bado lina ukijani katikati.

"Bwana Akida," nikasema, "Shamte anasema ulifukiwa mwaka wa vita?"

"Amesema hivyo."

"Mwaka wa vita hadi leo ni masika manne. Bwana, naomba nikuulize. Ulipofika Newala, ulileta masanduku ya mti?"

Akakunja uso. "Nilileta matatu."

"Mchwa wamekuachia mangapi?"

Akacheka, kicheko kifupi. "Hawakuniachia hata moja. Mwaka wa kwanza tu." Kisha akaacha kucheka, akainama kuutazama mkeka. Akaushika mwenyewe. Akalitoa lile jani, akalinusa. Mjomba, alilinusa! Kama kadhi wako.

"Huu haujakaa ardhini hata mwezi mmoja na nusu," akasema.

Shamte akasema kwa haraka kwamba labda Fikirini aliufunga upya. Hapo sauti ikatoka nyuma, ya mwanamke. Alikuwa Cecilia, Mkristo aliyehamia huku kutoka Masasi baada ya vita, msukaji wa mikeka. Hatukumwita. Hatukujua kama yupo. Alikuja mbele, kitenge kimemshuka begani.

"Bwana, mkeka huo nimeusuka mimi. Ule ukingo wa mikono mitatu, nyuzi tatu za ukindu zikipishana, hausuki mwingine hapa."

"Ulimsukia nani?"

Alimtazama mke wa Shamte, aliyekuwa amekaa kando, kisha akatazama chini. "Nilimpa mke wa Shamte, wiki ile tulipoanza kukata mtama. Nisamehe, mama. Siwezi kunyamaza, mtu atakufa."

Wiki hiyo Fikirini alikuwa Lindi. Swalehe akainuka tena, na safari hii akida alimsikiliza.

Shamte hakubishana tena. Alikaa chini pale pale aliposimama. Alisema gobori lilikuwa la kaka yake aliyekufa vitani, na kwamba miaka minne yote lilikuwa darini kwake, likimnyima usingizi. Aliogopa kulitupa na aliogopa kulitoa. Fikirini alipokwenda Lindi akaona njia ya kuondokana na bunduki na kupata kile kipande cha shamba kwa mara moja. Alisema yote bila kuinua uso. Nilikuwa nimetarajia kumchukia. Nilimwona ni mtu aliyechoka.

Fikirini alifunguliwa papo hapo. Adija alimkimbilia, kisha akakumbuka watu wapo, akasimama hatua mbili mbele yake, akasema tu, "Baba Zena, umekonda." Naye akajibu, "Nitanenepa." Ndiyo maneno yao yote, na sisi tukalia.

Shamte alichapwa, na amepelekwa kwenye kazi ya barabara kwa miezi sita. Akida alisema angeweza kumpeleka Lindi, lakini kwa kuwa amekiri na bunduki imeshatolewa, inatosha. Nilipokuwa natoka akaniita akaniuliza nani alinifundisha. Nikamwambia mjomba wangu, mshona kanzu, yuko Bagamoyo. Akasema nikupe salamu. Basi pokea.

Jioni ile nilirudi kwenye kitabu. Nilitaka kuona Kadhi Nasibu hufanya nini baada ya mwizi kukamatwa. Mjomba, hafanyi kitu. Watu wanamsifu, anapanda punda wake, hadithi imekwisha. Hakuna mahali inaposemwa mke wa mwizi alikula nini kesho yake. Hapo nikamwelewa Bi Somoe upya. Katika masimulizi yake, Bi Mfinyanzi siku zote hurudi, hupita nyumba ya yule aliyemfichua, akaacha kitu mlangoni. Nilikuwa nikidhani ni nyongeza ya kujaza njia. Nilimuuliza kama aliitoa kwako. Akasema, "Hapana. Hiyo mjomba wako hakuwa nayo. Hiyo ni yangu, nimeitia kwa kuwa mimi ni jirani wa watu." Naona mnahitajiana, wewe na yeye. Kitabu chako kilinifundisha kutazama mkeka, na bila Bi Somoe nisingekifungua kamwe.

Nina maombi mawili. La kwanza, hadithi ya tano imepotewa na kurasa zake za mwisho, pale binti wa nahodha anapokataa kusema aliyemwona. Kama unaikumbuka, niandikie. Bi Somoe ameshatunga mwisho wake, lakini tunataka kuona nani ameweza zaidi. La pili, niruhusu nikinakili kitabu. Fikirini amenunua karatasi Lindi na amekataa katakata nimlipe. Nakala itakuwa ya Adija. Ameanza kujifunza herufi, naye ni mwepesi kuliko nilivyokuwa mimi.

Nikueleze na la juzi, kisha nikuache upumzike.

Baada ya kesi, mke wa Shamte aliacha kwenda majini na sisi. Alikuwa anakwenda mwenyewe, jua likiwa kali, kwa aibu. Juzi tulichelewa, tukamkuta kwenye chemchemi. Bi Somoe aliacha kusimulia. Kila mtu akashughulika na mtungi wake. Yule mama akajaza wa kwake, akajaribu kujitwika peke yake, na mtungi mkubwa huwezi kujitwika peke yako, Mjomba, unamwagika au unavunjika. Alijaribu mara mbili. Hakuthubutu kumwomba mtu.

Adija akaweka mtungi wake chini. Akaenda akashika upande mmoja, akasema, "Inama kidogo." Wakauinua pamoja, ukakaa kichwani. Yule mama alisimama pale, maji yakimtiririka usoni, hatukujua ni ya mtungini au ni ya machoni. Kisha Adija akamgeuzia mgongo, akauelekea mtungi wake mwenyewe, akamwambia, "Haya, na mimi nitwishe."

Yule mama akamtwisha kwa mkono mmoja, wa pili ukishikilia mtungi wake kichwani. Tukapanda mlima sote.

Mama anakusalimu sana, anasema umeshakuwa mtu wa pwani na anataka kukuona kabla hamjazeeka nyote wawili. Adija na Fikirini wanakusalimu, na Zena mdogo anasema shikamoo Babu. Bi Somoe anakusalimu kwa sauti ambayo nadhani umeshaisikia huko. Nisalimie mkaza mjomba, na washonaji wenzako wote. Barua hii anaichukua Swalehe hadi Lindi, na huko ataitia merikebuni.

Mungu akulinde wewe na sindano yako, akujalie riziki iliyo halali na usingizi wa amani, na atukutanishe tukiwa wazima.

Ni mimi mpwa wako akupendaye, niliyekuwa nikilala mapajani kwako,

Mwanasha binti Halfani